Lori la nje au la mikoa jirani: tathmini ya ajira mbili za udereva kutoka Tanga

Dereva mwenye leseni ya daraja E anayetafuta kazi Tanga siku hizi huulizwa swali moja kabla hata ya kuonyeshwa gari: unataka nje au unataka ndani? Nje ni Zambia na Kongo kwa sehemu kubwa, na kwa uchache Rwanda, Burundi na Uganda. Ndani, kwa sisi wa Tanga, ni saruji na chokaa za kwenda Same, Moshi na Arusha, mkonge wa mashambani kwenda bandarini, machungwa ya Muheza yanayokimbizwa Dar es Salaam yakiwa bado na umande, na mzigo wowote wa kurudi ambao dalali ameweza kuupata. Nimeajiriwa katika aina zote mbili, kwa matajiri ambao sitawataja, kwa kuwa ninachokipima hapa ni ajira yenyewe na si jina lililoandikwa mlangoni mwa gari. Niseme mapema nilikofikia: safari ya nje inalipa vizuri kuliko ya ndani endapo gari linatembea, na kwa bahati mbaya sehemu kubwa ya maisha ya dereva wa nje hupita gari likiwa limesimama.

Swali hili halikuwa na uzito mkubwa Tanga miaka michache iliyopita. Aliyetaka nje alihamia Dar es Salaam, akapanga chumba karibu na yadi za malori, na nyumbani akaonekana siku za sikukuu. Bandari yetu ilikuwa ya meli kutia nanga mbali na shehena kuletwa nchi kavu kwa matishari, utaratibu uliokula muda na kuwachosha wenye mizigo. Baada ya upanuzi, gati sasa lina urefu wa mita 450 na kina cha mita 13, meli zinafunga papo hapo, na shehena ya nchi jirani inapakiwa kwenye malori hapa hapa mjini. Ndiyo maana vijana wa Mabawa na Makorora, waliokuwa wakiiona kazi ya nje kama habari ya watu wa Dar, leo wanaitiwa nafasi hizo wakiwa barazani kwao.

Malipo ya safari za nje yana sehemu mbili. Kuna mshahara wa mwezi, ambao kwa kawaida ni mdogo, na kuna mileji, yaani kitita anachokabidhiwa dereva kabla ya kuondoka kwa ajili ya safari nzima ya kwenda na kurudi. Wageni wa kazi hii hukosea hapa, wakidhani mileji ni mapato. Ndani ya kitita hicho mna chakula cha njiani, maegesho, mlinzi wa usiku, kuziba pancha, vocha, maji ya kuoga, na mambo madogo madogo ambayo hayana risiti. Kinachobaki baada ya hayo ndicho cha dereva, na kinategemea jambo moja tu, nalo ni siku ngapi amekuwa nje ya nyumba. Ndani mfumo unafanana, ila posho hutolewa kwa kila safari, ni ndogo, na hukaa mfukoni kwa muda mfupi kiasi kwamba dereva anajua siku hiyo hiyo amebakiwa na nini.

Viwango hutofautiana kutoka tajiri mmoja hadi mwingine, kwa hiyo nitatumia tarakimu za mfano tu ili hesabu ionekane. Tuseme dereva wa nje ana mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi na mileji ya shilingi 1,000,000 kwa safari ya Lubumbashi, na kwamba safari ikienda sawa anabakiwa na 500,000. Akifanya safari moja kwa mwezi, ameingiza 900,000. Mwenzake wa ndani ana mshahara wa 350,000 na posho ya 60,000 kwa kila safari ya Arusha, ambayo humwachia 35,000. Akienda mara 10 kwa mwezi, ameingiza 700,000. Mpaka hapo wa nje amemzidi, wala hakuna ubishi. Sasa weka foleni. Safari ile ile ya Lubumbashi ikichukua wiki sita, mileji haiongezeki, ila mdomo unaendelea kula, na kilichobaki kinashuka hadi, tuseme, 200,000. Kwa wiki hizo sita wa nje amepata mshahara wa 600,000 na masalio ya 200,000, jumla 800,000, wakati wa ndani kwa kipindi hicho hicho amefikisha 1,050,000 na amelala kwake karibu nusu ya usiku wote.

Atakayesema kwamba wiki sita ni kutia chumvi, huyo hajawahi kukaa Tunduma, mpakani na Zambia, msimu mbaya. Kutoka Tanga hadi pale ni zaidi ya kilomita 1,000: Segera, Chalinze, Morogoro, hifadhi ya Mikumi ambako wanyama wana haki ya njia kuliko wewe, Ruaha Mbuyuni, mlima Kitonga, Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya. Njiani kuna mizani ya Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kusimamiwa kikamilifu nchini mwezi Machi 2019, inaruhusu tani 56 kwa gari na mzigo wake, na kila ekseli ina kikomo chake. Kwa hiyo mzigo unaweza kuwa halali kwa jumla na bado ukakamatwa kwa sababu umeegemea nyuma. Ukiwa na gari zima na mzigo uliopangwa vizuri, mwendo huo wote ni wa siku chache. Baada ya hapo unafika mwisho wa foleni.

Foleni ya mpakani ni kazi isiyo na jina kwenye mkataba. Unazima injini, unasubiri, unawasha, unasogea urefu wa lori moja, unazima tena. Huwezi kulala usingizi wa maana, kwa kuwa usiposogea utapitwa, na ukipitwa hakuna atakayekurudishia nafasi. Usiku kuna wanyonyaji wa mafuta, wanaoingia chini ya gari na mpira wao kimya kimya, na safari nyingi siku hizi hazina utingo, hivyo anayelinda tanki ni yule yule aliyeshinda kwenye usukani. Nyaraka za forodha ziko mikononi mwa wakala ambaye dereva hamjui kwa sura, na kosa dogo kwenye karatasi linaweza kukuweka pale huku magari yaliyokuja nyuma yako yakivuka. Ukishavuka Nakonde, upande wa pili wa mpaka, unakabiliwa na Zambia nzima kutoka kaskazini hadi ukanda wa shaba, kilomita nyingine zaidi ya 1,000, halafu Kasumbalesa, mpaka wa kuingia Kongo, ambako hadithi huanza upya kwa lugha nyingine. Kisha mgodi au ghala linakuambia usubiri zamu ya kushusha.

Sitaki kuifanya kazi ya nje ionekane adhabu, maana ina utamu wake na nimeuonja. Magari huwa mapya kuliko ya ndani, kwa sababu hakuna tajiri mwenye akili anayepeleka mkweche Kolwezi, ndani kabisa ya Kongo. Dereva anakuwa bwana wa gari lake kwa wiki kadhaa. Anapanga saa za kuondoka, anajua mlio wa kila boliti, na hakuna anayempigia simu kila nusu saa, japokuwa kifaa cha kufuatilia gari kinamwambia tajiri kila kitu. Kuna kuzijua nchi. Kuna ujuzi ambao hauupati Segera hadi Himo: kushuka Kitonga ukiwa na shaba ya kurudi, ambapo gia huchaguliwa kabla ya kona ya kwanza na gari huachiwa breki ya injini, breki za magurudumu zikiguswa kwa vipindi ili zisichemke. Ukichelewa kushusha gia pale, harufu ya mpira na chuma itakufikia puani kabla akili haijafahamu. Dereva aliyepita Kitonga kwa miaka bila ajali anaajiriwa popote, na hilo ni mtaji.

Gharama yake ipo nyumbani. Tanga ni mji wa mikusanyiko: maziko, hitma, arobaini, harusi za Ijumaa hadi Jumapili, na mtu huhesabiwa kwa kuonekana. Dereva wa nje hutuma mchango kwa simu, na mchango hupokelewa kwa shukrani, lakini kuna masuala ya ukoo yanayoamuliwa na waliokaa mkekani. Mtoto anaumwa, mke anakwenda hospitali na shemeji, nawe uko Mpika, Zambia, unatafuta mtandao. Mwili nao unalipa. Ni kukaa kitako kutwa, kula usiku wali na nyama nyekundu kwa kuwa ndicho kilichopo, kunywa soda na vinywaji vya kuchangamsha ili macho yasifunge. Presha na maumivu ya mgongo ni mazungumzo ya kawaida kwenye maegesho ya Mbeya, wakati mwingine kwa madereva ambao hawajafikisha miaka 40.

Jambo ambalo halizungumzwi sana, na ambalo mimi nalipa uzito kuliko foleni, ni mahali pesa inapoandikwa. Michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, niliyokatwa nikiwa nje ilitokana na mshahara ulioandikwa kwenye mkataba, na mshahara huo ulikuwa sehemu ndogo ya nilichokuwa nikiishi nacho. Mileji, ambayo ndiyo iliyojenga chumba na kulipa ada, haikuacha alama yoyote huko. Pensheni ya uzeeni inahitaji michango isiyopungua miezi 180, na kiwango chake kinafuata mshahara uliochangiwa. Vivyo hivyo kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi: dereva akiumia kazini, fidia hukokotolewa kutokana na kipato kilichowasilishwa na mwajiri. Maana yake ni kwamba mtu anayeishi maisha ya shilingi 900,000 anaweza kuumia mguu na kugundua kwamba kwenye vitabu yeye ni mtu wa 400,000. Wa ndani naye ana tatizo hilo, ila kwake pengo kati ya mshahara na posho huwa jembamba kidogo, na kama mwajiri wake ni kiwanda au kampuni iliyosimama, mara nyingine safari zote huingizwa kwenye hati ya mshahara.

Nadhani hapa ndipo penye maana ya mgomo wa madereva wa Aprili 2015, ule uliosimamisha mabasi Ubungo na kuwaacha abiria wengi wamekwama. Watu wengi wanakumbuka suala la kurudi darasani kila leseni inapohuishwa. Madereva wenyewe walikuwa pia wanadai mikataba ya maandishi. Mkataba bado ni kitu cha kuombwa katika yadi nyingi, hasa za matajiri wa gari mbili tatu, na ukiuomba kwa msisitizo unaweza kuambiwa kwamba nafasi imeshajazwa.

Sasa safari za ndani. Siku ya kawaida huanzia Pongwe, kwenye foleni ya kiwanda, maana foleni ipo hata huku, tofauti ni kwamba unaisubiri ukiwa umbali wa bodaboda kutoka nyumbani. Mifuko 600 ya kilo 50 ni tani 30. Dereva makini huihesabu inavyopangwa, kwa sababu mfuko uliopungua au uliochanika utakatwa kwake. Halafu turubai. Nimeona madereva wa nje, waliozoea kontena lenye lakiri, wakidharau kazi ya turubai hadi siku walipokutana na mvua ya Korogwe: kamba inapitishwa kwenye kila ndoano, kingo zinakunjwa mara mbili kwenda chini, na mbele unaweka mkunjo wa ziada kwa ajili ya upepo, kwa kuwa saruji iliyopigwa maji haina mjadala. Kutoka hapo ni Segera, Mombo, Same, Himo. Tanga hadi Arusha ni takribani kilomita 430 za lami, na dereva aliyepakia mapema anafika siku hiyo hiyo.

Kero ya safari za ndani ni kushusha. Unafika Same saa kumi na mbili jioni, mwenye duka la vifaa vya ujenzi anatoka na kandambili zake na kukwambia, "Kaka, vibarua wameshatawanyika. Lala hapo mbele ya duka, tutashusha asubuhi." Unamjibu, "Haya mzee wangu," kwa sababu hakuna la kufanya, na posho uliyopewa ilikuwa ya kulala njia moja tu. Kesho yake dalali anakwambia kuna tangawizi au mahindi ya kurudi, ngoja mpaka adhuhuri, na adhuhuri inakuwa alasiri. Malori nayo huwa yamechoka. Niliendesha moja ambalo taa ya onyo kwenye dashibodi haikuwahi kuzimika, na nilipoeleza niliambiwa ni waya tu. Kuna pia matajiri wa ndani wanaopenda kuongeza tani mbili za bahati nasibu wakitegemea mizani haitawagusa, na faini ikija wanataka ijadiliwe kwenye posho ya dereva. Hilo halistahili kukubaliwa, na ni afadhali kuliuliza siku ya kwanza.

Pamoja na hayo, dereva wa ndani analala kwake usiku mwingi kwa wiki. Anaswali Ijumaa msikiti wake. Anaweza kuwa na mradi wa pembeni, kama kibanda cha chipsi Kange au bodaboda ya mkataba, na akausimamia kwa macho yake. Gari likiharibika, fundi anamjua na spea zipo Tanga au Moshi. Kimapato ana kasoro moja kubwa: kazi yake hufuata msimu. Mvua za masika zikipunguza ujenzi, saruji hulala, na tajiri asiye na mkataba wa kudumu na kiwanda humwambia dereva apumzike kidogo, mapumziko ambayo hayana posho.

Kisheria ajira zote mbili ziko chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, yenye saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 kwa wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka na malipo ya moja na nusu kwa saa za ziada. Sijakutana na dereva wa nje anayelipwa saa za ziada za foleni.

Vijana wanaotazama video za madereva wa Marekani huniambia kwamba kule safari ndefu ndiyo yenye pesa. Ni vyema wajue mambo yalivyo huko. Dereva wa masafa marefu Marekani hulipwa kwa maili kwa kawaida, na sheria inamruhusu kuendesha saa 11 tu ndani ya dirisha la saa 14, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Tangu Desemba 2017 saa hizo hurekodiwa na kifaa cha kielektroniki kilichounganishwa na injini. Akisubiri kushusha kwenye ghala, maili hazisogei, na saa zake za kazi zinayoyoma. Madereva wengi wa masafa marefu huko hata hawaguswi na sheria ya shirikisho ya malipo ya saa za ziada. Wale wa kanda, yaani wanaozunguka majimbo ya jirani tu, hurudi nyumbani karibu kila wiki. Ulaya nao wana saa tisa za kuendesha kwa siku na mapumziko ya dakika 45 kila baada ya saa nne na nusu. Kwa hiyo malalamiko ya Tunduma yana ndugu zake ng'ambo, ila wenzetu wana mtambo unaoonyesha saa walizokaa, na sisi tuna maneno yetu dhidi ya ya tajiri.

Kwa kijana asiye na mke, mwenye afya, anayetaka kukusanya mtaji na kujifunza gari kubwa, ningesema aende nje kwa miaka michache, akiwa na pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na akaunti ya benki ambayo mileji inayobaki inaingia bila kupitia mfukoni. Mwenye familia changa ningemwelekeza ndani, kwa mwajiri mwenye mzigo wa mwaka mzima, hata kama tarakimu ya mshahara inaonekana ndogo. Na mwenye miaka zaidi ya 45 anayetaka kuanza kazi ya nje kwa mara ya kwanza, ningemshauri atafute gari la ndani lenye kiti kizuri.

Yeyote atakayeamua kwenda nje aulize kitu kimoja kabla ya kutia saini, nacho ni posho ya kusimama: baada ya siku ngapi za kukaa mpakani au mgodini dereva anaanza kulipwa kwa siku, na kiasi gani. Waajiri wachache wanayo kwenye maandishi, wengi wanakwambia tutaangalia. Mimi nimefanya kazi kwa wote wawili, na tofauti niliiona haraka kwenye simu. Yule aliyeiandika ndiye aliyekuwa akimpigia wakala wa Tunduma mwenyewe, asubuhi na jioni, kuuliza gari lake limefikia wapi.